Ukurasa wa Kumi na Nne

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi, saa tatu kasoro robo asubuhi. Mji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Congo, ulikuwa mkavu. Upepo haukuwapo, vumbi lilikuwa limesimama hewani, na kipimajoto kilichotundikwa kwenye ukuta wa soko la samaki kilionyesha nyuzi ishirini na tisa.

Pasca Ondoga alisimamisha pikapu mbele ya chumba cha baridi na hakushuka mara moja. Alikaa na mikono juu ya usukani. Jumatatu alikuwa Moyo, Jumanne Adjumani, Jumatano Yumbe. Leo alikuwa ameondoka nyumbani kwake Awindiri, mjini Arua, saa kumi na mbili na nusu, kabla mwanawe hajaamka. Kampuni iliyomwajiri ilitunza vyumba vya baridi kumi na kimoja vinavyotumia umeme wa jua, na fundi wa kuvizungukia vyote alikuwa yeye peke yake.

Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na fomu tupu. Ilikuwa na nafasi ya tarehe, nafasi ya sahihi, na mistari mitatu chini ya maneno "Chanzo cha hitilafu". Saa tisa alasiri kamati ya akina mama wauza samaki ingekaa kuamua kama mtunza chumba, Shafiki Yakani, afukuzwe kazi. Kamati haikuwa na utaalamu wa betri. Ilisema ingefuata kile ambacho fundi ataandika kwenye mistari hiyo mitatu.

Shafiki mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamume wa miaka karibu hamsini, mwana wa sajini, mwenye shati lililopigwa pasi na ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni.

"Karibu, mama injinia," alisema. "Wewe imechelewa wiki mbili."

"Tangu chumba kiharibike nilipiga simu kila siku, mzee."

"Simu haina bisibisi."

Pasca alitoa begi la vifaa na kumfuata. Shafiki alieleza tatizo akiwa anatembea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi.

"Mchana chumba iko sawa kabisa. Jua ikishuka, saa moja tu, kwisha. Asubuhi samaki iko laini kama mkate ndani ya chai. Akina mama wanafungua, wanapiga kelele. Wanasema mimi nimeuza betri nzuri Congo, nimeweka mbovu. Mke yangu hapana enda soko tena."

Pasca aliingia kwenye chumba kidogo cha nyuma, mahali ambapo yeye mwenyewe alifunga mitambo mwaka jana. Inveta, ya kugeuza umeme wa betri, ilikuwa ukutani. Kidhibiti chaji kilikuwa ukutani, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Sakafu ilikuwa tupu. Nyaya mbili nene zilipita kwenye tundu la ukuta, zikiwa zimezibwa vizuri kwa matambara na simenti.

"Betri iko wapi?" aliuliza.

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya baridi. Njoo uone. Nane, zote iko. Hakuna hata moja ilivuka mpaka."

Alifungua kufuli. Mlango wa chuma ulilia, na hewa ya baridi ikawagonga magotini. Nyuma ya makreti ya sangara, juu ya mbao zilizopangwa sawasawa, betri nane zilikuwa zimesimama katika safu mbili. Zilikuwa zimefunikwa kwa turubai. Shafiki aliliondoa kwa uangalifu, kama anayemwonyesha mgeni mtoto aliyelala. Juu ya kila betri palikuwa na utando mweupe wa barafu.

Pasca alipima joto la betri ya kwanza. Nyuzi nne chini ya sifuri. Akapima ya nane. Nyuzi tano chini ya sifuri. Alichuchumaa pale kati ya samaki na akafumba macho.

"Zimekufa?" Shafiki aliuliza.

"Hapana. Zimeganda."

Alimweleza kwa ufupi, maana hakuwa na nguvu za maelezo marefu. Betri ya aina hii ikipata baridi kali hutoa umeme kidogo. Ikishuka chini ya sifuri, hukataa kabisa kupokea chaji. Haikatai kwa ubovu. Inajifungia yenyewe, kwa sababu ikichajiwa katika hali hiyo itaharibika ndani. Usiku wa kwanza betri hizi zilitoa zilichokuwa nacho. Tangu siku hiyo, kila mchana jua lilileta umeme hadi mlangoni na betri zikaurudisha. Mchana mashine ya kupoza ilikula umeme wa jua moja kwa moja, ndiyo maana chumba kilibaki na baridi ya kutosha kuzigandisha tena.

Shafiki alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hii chumba ndio inaua betri, na betri ndio inaua chumba."

"Ndiyo. Nani alikuambia uziweke humu?"

"Wewe."

"Mimi?"

Shafiki alimshika mkono wa shati, akampeleka ofisini, upande wa soko, na kumsimamisha mbele ya ukuta. Karatasi ya maelekezo ilikuwa pale, ndani ya nailoni, imepigiliwa misumari minne. Chini yake paliandikwa: *Imetayarishwa na P. Ondoga, fundi.*

"Soma namba tatu," Shafiki alisema.

"Joto la mahali pa betri lisizidi nyuzi ishirini na tano."

"Soma namba tano."

"Betri zikae nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli."

"Sawa. Sasa sikia. Mwezi wa pili wezi waliingia kwa mashine ya kusaga unga hapo chini. Walibeba betri yote, hata waya. Mimi nikaangalia mlango ya hii chumba ya nyuma: mbao. Nikaangalia joto: thelathini na tatu. Nikasoma karatasi yako mara tatu. Katika hii nyumba mlango ya chuma iko moja tu, na mahali hapana pita ishirini na tano iko moja tu." Alielekeza kidole kwenye chumba cha baridi. "Baba yangu alinifundisha, amri ikiandikwa, unafuata. Hapana ongeza, hapana punguza."

Pasca alisoma karatasi yote, kuanzia namba moja hadi kumi na mbili. Hakukuwa na neno hata moja juu ya baridi.

Alilijua pengo hilo. Januari ya mwaka jana alikuwa ametafsiri kitabu cha betri kwa ajili ya watunza vyumba. Kitabu kilitoka nchi ya theluji, kilikuwa na kurasa arobaini, na ukurasa wa kumi na nne ulihusu baridi tu: namna ya kuipasha betri moto kabla ya kuichaji, namna ya kuifunika, kiwango ambacho haitakiwi kushuka chini yake. Aliusoma kwa sauti katika ukumbi wa mafunzo, mjini Arua, saa nane mchana, watu wakijipepea kwa daftari. Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja kutoka Pajulu aliuliza kama theluji ya Pajulu itaanguka kabla au baada ya mavuno ya tumbaku. Pasca naye alicheka. Kisha akauacha ukurasa huo nje ya maelekezo, ili yatoshe kwenye karatasi moja.

"Nisaidie kuzitoa," alisema. "Moja moja."

Kila betri ilikuwa na uzito wa kilo arobaini na tano. Shafiki alikuwa amefunga. Ilikuwa siku ya kumi na tatu ya Ramadhani. Pasca alipendekeza waite wapagazi wa soko. Shafiki alikataa, akasema wapagazi wakiziona betri zinatoka nje, hadithi ya Congo itapata miguu. Wakazibeba wawili, wakazipanga katikati ya ofisi, kila moja mbali na nyingine kwa hatua moja ili hewa ipite, na Pasca akaziunganisha tena na nyaya za chumba cha nyuma. Walimaliza saa tano kasoro kidogo. Shafiki alikaa sakafuni, mgongo ukutani, midomo mikavu.

Hewa ya ofisi ilipozigusa, betri zilianza kutoka maji. Matone yaliteremka ubavuni mwazo na kukusanyika karibu na vichwa vya nyaya. Pasca alitoa matambara, wakaanza kuzifuta. Walimaliza ya nane, ya kwanza ikawa imelowa tena.

"Hii kitu inatoka jasho kuliko mimi," Shafiki alisema.

"Usiziweke juani. Zipate joto polepole, kutoka ndani. Zimevishwa sponji, zimetengenezwa kuhifadhi joto huko kwao. Hapa zinahifadhi baridi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zote zipite nyuzi tano juu ya sifuri. Zitafungua zenyewe."

Saa tano na nusu: nyuzi tatu chini ya sifuri. Pasca aliandika kwenye daftari. Koo lilikuwa limemkauka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya pikapu na kufungua chupa ya maji.

"Kunywa hapa ndani kwa kivuli, mama!" Shafiki aliita. "Mimi ndio nafunga, si wewe."

"Mimi pia niko kwenye Kwaresima."

"Ile ya Wakatoliki? Ile ya kuacha nyama na kunywa soda?"

Pasca alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na maji yakampalia. Aliporudi ndani alichukua orodha ya namba za betri kutoka kwenye begi, zile zilizochongwa kiwandani. Alizisoma kwenye betri moja baada ya nyingine, na Shafiki alizitafuta kwenye orodha kwa kidole. Zote nane zilikuwa zilezile. Shafiki aliendelea kuiangalia orodha baada ya kazi kwisha.

"Hii utaandika?"

"Nitaandika."

"Basi mimi si mwizi."

"Wewe si mwizi," Pasca alisema. "Lakini ulizihamisha bila kuniuliza."

Shafiki alichukua tambara na kurudi kwenye betri ya tatu. "Hiyo ni kweli," alisema.

Saa sita na robo: nyuzi moja chini ya sifuri. Simu ya Pasca ililia. Alikuwa Robert Ocama, meneja wake, akipiga kutoka ofisi ya Arua. Pasca alitoka hadi kwenye pikapu na kumweleza kila kitu, pamoja na ukurasa wa kumi na nne.

"Namba za betri ni sawa?" Robert aliuliza.

"Sawa."

"Basi wizi hakuna. Vizuri. Andika hivi: betri zilihamishwa na mtunza chumba bila idhini ya fundi. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Tumemaliza."

"Wakisoma hivyo watamfukuza, Robert."

"Hilo ni la kamati yao. Dada, nisikilize. Wafadhili wanasaini mkataba wa mwaka mwingine mwezi ujao. Wakisikia maelekezo yetu yalikuwa na tundu, watauliza vyumba vingine kumi vina tundu gani. Na aliyetia sahihi kwenye karatasi hiyo ni nani? Si mimi."

"Karatasi zote kumi na moja ni hiyohiyo."

"Ndiyo ninachosema. Umechoka, najua. Andika mstari mmoja, urudi nyumbani. Jumamosi timu yetu inacheza hapa Onduparaka, mlete mtoto aone mpira."

Alisema kwa upole. Hicho ndicho kilichomsumbua Pasca. Robert hakuwa mtu mbaya, na mstari aliompa haukuwa uongo. Tena ulikuwa mfupi. Alirudi ofisini, akakaa kwenye meza, akafungua fomu na kuandika jina la kituo. Akaandika tarehe. Kalamu ikasimama.

Saa saba na nusu: nyuzi tatu juu ya sifuri. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo. Shafiki alikuwa amekwenda kuswali na kurudi. Sasa alikuwa akizifuta betri bila kuambiwa, kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza hadi ya nane, kisha kuanzia ya kwanza tena. Hakuuliza fundi anaandika nini. Pasca alitamani aulize. Hapo angeweza kumkasirikia, na akiwa na hasira ule mstari mmoja ungeandikika kwa urahisi zaidi.

"Mzee," alisema, "mbona hukupiga simu kabla ya kuzihamisha?"

"Nilipiga. Mara mbili."

Pasca alifungua simu na kutafuta. Tarehe ishirini na nne Februari, saa kumi na moja jioni, mara mbili. Alikuwa Obongi siku hiyo, juu ya paa, simu ikiwa ndani ya gari. Aliona jina, akasema atampigia kesho. Kesho yake alikuwa juu ya paa lingine.

Saa nane na dakika ishirini, nyuzi sita. Katika chumba cha nyuma kidhibiti chaji kilitoa mlio mfupi na taa nyekundu ikawa ya kijani. Pasca aliweka chaji ianze kidogo, sehemu ya tano tu ya nguvu ya kawaida, hadi betri zipite nyuzi kumi. Shafiki alisimama nyuma yake akiangalia namba zikipanda. Hakushangilia. Alipangusa uso kwa tambara lilelile la betri.

Pasca alirudi mezani. Alichukua kwanza karatasi safi, si ile fomu. Kitabu cha kiwandani kilikuwa kwenye begi, na ukurasa wa kumi na nne ulikuwa bado mweupe na mgumu kuliko kurasa nyingine, kwa kuwa haukuwahi kufunguliwa tena. Aliuandika wote kwa Kiswahili, kwa mkono, kwa maneno mafupi. *Betri isikae mahali penye baridi chini ya nyuzi tano. Ikiwa imeganda, isichajiwe. Itolewe, ipate joto polepole kwenye kivuli, ifutwe maji.* Kisha akavuta fomu na kujaza mistari mitatu. Haikuchukua hata dakika mbili.

Saa tisa kamili Hajati Keji, mwenyekiti wa kamati, aliingia na wanakamati wanne nyuma yake. Alikuwa mjane wa askari, mfupi, mwenye fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembea. Aliangalia betri sakafuni, akamwangalia Pasca kutoka kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndio injinia? Mimi nilifikiri ni mwanaume ya tumbo kubwa."

"Huyo yuko Arua, Hajati."

"Haya. Soma. Mimi iko na njaa na maneno mingi hapana taka."

Pasca alisimama na kusoma. "Chanzo cha hitilafu. Betri ni zilezile nane zilizofungwa mwaka jana; namba zimehakikiwa. Zilihamishiwa kwenye chumba cha baridi, zikaganda na kukataa chaji. Mtunza chumba alifuata maelekezo ya ukutani, ambayo niliyaandika mimi na kuacha sehemu ya baridi. Alinipigia simu mara mbili kabla ya kuzihamisha; sikujibu."

Mwanakamati mmoja aliuliza kwa sauti ya chini ni baridi gani inaweza kuwa Koboko. Hajati alimwelekeza kwa fimbo kwenye mlango wa chuma.

"Ile tunalipia," alisema. Kisha akamgeukia Pasca. "Wiki mbili. Wiki mbili mimi naita huyu mutu mwizi, mbele ya soko, na Ramadhani hii. Na wewe ulikuwa na hii maneno ndani ya begi?"

"Ndiyo, Hajati."

"Kwa nini uliacha?"

"Nilifikiri hapa hakuna baridi. Tulicheka."

"Mlicheka." Hajati alilirudia neno hilo kama anayeonja samaki kuona kama ameharibika. "Shafiki, wewe unasema nini?"

Shafiki alikuwa bado ameshika tambara. "Mimi nimechoka, Hajati. Betri iko kijani. Hiyo tu."

"Karatasi haitoshi," Hajati alimwambia Pasca. "Soko haisomi karatasi. Utatoka na mimi sasa hivi, utasimama kwa meza ya kwanza mpaka ya mwisho, na utasema hivyohivyo kwa mdomo. Na mimi nitasimama karibu, kwa sababu mdomo ya mimi pia iko na deni hapo."

Pasca alihesabu meza kupitia dirishani. Zilikuwa ishirini na sita. Alichukua chupa yake ya maji, akaiweka tena mezani bila kunywa, na akatoka.

Kazi zilizofuata zilikwenda hivi. Pasca Ondoga alisema maneno yaleyale mara ishirini na sita, akapigilia ukurasa wa kumi na nne ukutani kwa misumari minne, akaendesha hadi Awindiri na kufika mtoto akiwa bado macho. Ijumaa alimpelekea Robert Ocama nakala ya fomu na barua fupi, akieleza kwamba ataanza kubadilisha karatasi katika vyumba vingine kumi, kuanzia Yumbe. Robert aliisoma barua mara mbili, akaiweka kwenye faili la wafadhili, na kwa siku tatu hakumpigia simu. Hajati Keji alimleta fundi wa kuchomelea, akampimisha mlango wa chuma wenye matundu ya hewa kwa ajili ya chumba cha nyuma, akabishana naye juu ya bawaba, kisha akampelekea mke wa Shafiki tende na kukaa naye hadi futari. Shafiki Yakani aliendelea na kazi. Aliweka zamu ya kulinda betri ofisini hadi mlango mpya ulipowekwa Jumapili, akaandika joto la betri kwenye daftari asubuhi na jioni, na akaomba ufunguo wa pili utengenezwe na ukae kwa Hajati, ili siku nyingine asishukiwe peke yake.